Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Unaokoa Nini Kwanza?

Mliozoea kunisoma hapa kuhusu presha, sukari na watoto wanaokataa kula, leo mnisamehe. Mgonjwa wa leo ni kompyuta. Nimeamua kuandika kwa sababu jambo lililonikuta mwezi wa Machi nimelisikia tena na tena kwa wenzangu hapa Doha, hasa wanafunzi, na karibu kila mmoja anaanza kisa chake kwa maneno yaleyale: "Nilidhani nimeshahifadhi."

Ilikuwa Alhamisi usiku. Nilikuwa nimetoka zamu ya mchana, watoto wameshakula na kulala, mume wangu yuko kazini mpaka asubuhi. Ofisi yetu ilikuwa imetutaka tupeleke upya nakala za vyeti vyote kabla ya Jumapili, ambayo kwa hapa ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya kazi: stashahada yangu ya uuguzi ya nyumbani, shahada niliyoisoma kwa masafa katika chuo cha Uingereza, usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, barua za waajiri wa zamani. Wauguzi mlioko Ghuba mnaelewa. Hapa mtu huishi kwa vyeti, na kila karatasi hufuatiliwa mpaka ilikotoka.

Nikawasha laptopu. Ikaniambia inajisasisha, nisiizime. Chaja ilikuwa chumbani kwa watoto, na mdogo ndiyo kwanza amepata usingizi, nikajiambia betri itatosha. Haikutosha. Asilimia sitini na kitu ya sasisho, skrini ikawa nyeusi.

Hilo kosa ni langu, sina wa kumlaumu.

Nilipoichomeka na kuiwasha, ilileta nembo ya Windows, ikazungusha vile vidoti vyake, ikazima. Ikawaka, ikazima. Mara ya tatu ikaja skrini ya bluu iliyokuwa inanidai ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48. Nimeitumia mashine ile miaka mitatu na sijawahi kusikia kwamba ina ufunguo wa tarakimu 48. Nikajaribu neno langu la siri la kila siku. Likakataliwa. Nikajaribu mwaka wa kuzaliwa mtoto wa kwanza, kama mtu anayebahatisha namba ya bahati nasibu. Nikaifunika, nikaenda kulala bila kulala.

Ijumaa baada ya swala nikaipeleka Najma kwa fundi mmoja, kijana wa Mombasa, ana kimeza chake upande wa nyuma wa Souq Haraj. Aliitazama dakika mbili.

"Dadangu, hii haina maneno. Nakupigia window mpya, riyali mia, saa kumi na moja waja kuichukua."

Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Mia moja kwa usiku mzima wa presha, nani angekataa? Ndipo akaongeza, bila hata kuinua uso, "Lakini uniambie kwanza, mle ndani muna kitu wakitaka?"

Namshukuru kwa swali hilo mpaka leo. Kupiga window, kama tunavyosema sisi, maana yake kwa mafundi wengi ni kufuta diski yote na kuweka mfumo mpya. Laptopu inarudi kwako inang'aa, inawaka kwa sekunde kumi, na ni tupu. Fundi ametimiza alichoombwa. Mashine imepona na mwenye mashine amefilisika.

Kazini tunapopokea majeruhi wengi kwa mpigo, hatuanzi na anayepiga kelele zaidi. Tunawapanga kwa rangi: mwekundu haweza kusubiri, wa njano asubiri kidogo, wa kijani anatembea mwenyewe. Nikiwa nimesimama pale Najma na joto lile, nilijikuta naipanga laptopu yangu vivyo hivyo.

Windows yenyewe ni kijani. Ndiyo inayopiga kelele, ndiyo yenye skrini ya bluu, lakini ni kitu rahisi kuliko vyote vilivyomo. Microsoft wanaiweka kwenye tovuti yao, unaipakua kwenye flashi bila kulipa, na laptopu iliyouzwa na leseni yake huitambua yenyewe. Faili za mfumo za mashine yangu ni zilezile zilizomo katika mamilioni ya mashine nyingine. Nikizipoteza leo, kesho nazipata.

Vyeti ni njano. Karatasi zake halisi ziko kwenye bahasha kabatini, naweza kuzipiga upya. Usumbufu mtupu, lakini hakuna anayekufa.

Nyekundu ilikuwa baba yangu. Alifariki mwaka 2021, nikiwa huku, katika siku zile ambazo kusafiri kulikuwa mtihani. Alifanya kazi reli maisha yake yote, Tanga. Miezi ya mwisho alikuwa anamtumia mjukuu wake sauti kwa simu, akimfundisha vituo vya gari moshi kama mtu anavyofundishwa alifu: Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, na katika kila kituo anaweka kisa chake, nani aliuza machungwa, wapi tembo walisimamisha treni. Sauti kumi na moja kwa hesabu yangu. Nilizihamisha kutoka simu ya zamani kwenda kwenye laptopu, kisha simu nikaiuza, hapohapo Souq Haraj.

Nikamwambia fundi asiiguse. Nikarudi nayo nyumbani.

Sasa mtaniuliza, si ungekuwa na nakala ya akiba? Nilikuwa nayo! Nina diski ya nje, nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito NAKALA, inakaa juu ya friji. Nikaichomeka kwenye laptopu ya mume wangu kwa kujiamini kabisa. Folda zote zipo, majina yote yapo: Vyeti, Picha, Baba. Nikabonyeza Baba, ikaniambia haioni faili. Nikabonyeza Vyeti, vilevile. Nilipotazama vizuri, kila kialama kilikuwa na kishale kidogo pembeni, na uzito wake ni KB moja au mbili. Siku ile ya kuhifadhi nilivuta vialama vilivyokuwa juu ya skrini yangu. Vile ni vibao vya njiani tu, vinavyosema "faili liko kule". Kule kwenyewe ni ndani ya mashine iliyokufa. Kwa miaka miwili nilikuwa natunza juu ya friji vibao vya kuelekeza njia.

Hapa niliona aibu ya kitaaluma. Katika wodi yoyote mnayoijua kuna toroli ya dharura, yenye dawa za moyo, mipira ya hewa na mashine ya kushtua. Kila zamu mtu anaikagua na kusaini: betri ina chaji, dawa hazijapita muda, taa ya kutazamia koo inawaka. Hakuna muuguzi anayeandika "toroli ipo" akaondoka. Na mimi niliyesaini daftari lile mara zisizohesabika nilikuwa na diski niliyoiamini kwa sababu ina jina zuri.

Ikabaki njia moja, kuupata ule ufunguo. Naomba niueleze, maana wengi wenu mnao bila kujua. Laptopu nyingi za Windows za siku hizi huifunga diski kwa maandishi ya siri, ili mwizi akiiba asisome chochote. Siku zote mashine hujifungulia yenyewe na wala huoni. Ikihisi kwamba kuna kitu kimebadilika katika namna inavyowaka, inasita na kudai uthibitisho: tarakimu 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Bila hizo, hata ukiing'oa diski ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine, unaona fujo tu. Hakuna fundi wa Najma wala wa Kariakoo atakayeifungua, na akikuambia anaweza, shika mkoba wako. Ukiwa uliingia kwenye laptopu kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, kwa kawaida nakala ya ufunguo huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo kwenye mtandao.

Vizuri. Nikaingia kwenye akaunti kwa simu. Ikataka kuhakikisha ni mimi: "Tumekutumia namba kwenye simu inayoishia na 47." Sabini na mbili ya ndimi zangu nilizijaribu kuzikumbuka, 47 ni nini? Ilikuwa laini yangu ya Tanzania. Laini niliyoiacha bila salio tangu mwaka wa pili wa kuja huku, ikafungwa. Na tangu usajili wa alama za vidole, laini ya mtu hairudishwi na mama yake wala mdogo wake. Inataka kidole chako mwenyewe, na kidole changu kilikuwa Bin Mahmoud.

Wahamiaji wenzangu, hebu simameni hapa kidogo. Ni akaunti ngapi mlizofungua nyumbani ambazo bado zinatuma namba za uthibitisho kwenye laini iliyokufa? Ya barua pepe, ya benki, ya chuo? Hili sijaona likizungumzwa, na nadhani linatuhusu sisi kuliko watu wengine wowote.

Kilichoniokoa ni uzembe wa zamani wa kuwa mshamba wa mitandao. Akaunti ile nilifunguliwa na mdogo wangu, Dar es Salaam, wiki moja kabla ya safari, na mahali palipoulizwa barua pepe ya ziada aliweka ya kwake. Sasa anasoma Dodoma. Nikampigia saa nane usiku.

"Dada, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Fungua barua pepe yako."

"Saa hizi?"

"Saa hizi, baba, fungua."

Akanisomea namba. Nikaingia, nikaziona tarakimu zangu 48, nikaziandika nyuma ya bili ya umeme kwa mkono unaotetemeka.

Kuanzia hapo fundi wa Mombasa alinielekeza kwa meseji, na aliyonifundisha yanafaa kujulikana. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, hufungua chumba chake cha dharura, skrini ya bluu yenye machaguo. Watu wengi wakifika hapo hubonyeza lolote lenye neno la kutengeneza. Yeye akaniambia nisitengeneze kitu kwanza, nitoe vilivyo vyangu. Nikachagua ile sehemu ya kuandika amri, iliyoandikwa Command Prompt, ikataka ufunguo, nikaupa. Ikaja skrini nyeusi. Nikaandika neno moja, notepad, nikabonyeza Enter. Kikafunguka kile kidaftari cha kuandikia. Ukienda kwenye File kisha Open, na chini ukachagua faili za aina zote, unaona diski yako nzima. Unaweza kubonyeza folda kwa batani ya kulia ya kipanya, ukainakili, ukaibandika kwenye flashi. Ni dirisha la uani, lakini limefika ndani ya nyumba. Herufi za diski zinaweza kubadilika mle, ile ya C ikawa D, usishtuke, tafuta folda yenye jina la Users.

Nilinakili Baba kabla ya kitu kingine chochote. Kisha Vyeti. Kisha Picha, ambazo zilichukua mpaka alfajiri.

Sauti za baba zilikuwa tisa. Nilizihesabu mara nne. Mbili sikuwahi kuzihamisha, zilibaki kwenye ile simu niliyoiuza. Ya Mombo haipo, na ile ya mwisho aliyomwimbia mtoto. Hilo halina chumba cha dharura.

Baada ya hapo ndipo nikarudi kwenye kuitibu Windows, sasa moyo umetulia. Ile sehemu ya kujirekebisha ilishindwa. Sehemu ya kurudisha mfumo kwenye tarehe ya nyuma ilisema hakuna nukta iliyohifadhiwa, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa imezimwa kwangu tangu mwanzo. Ikabaki ya kuondoa sasisho la mwisho. Nikaichagua, ikafikiri robo saa, ikawaka. Kila kitu mahali pake, hata ukurasa niliokuwa nimeuacha wazi. Riyali mia zangu ninazo, ingawa nilimpelekea fundi biriani.

Nisiwachoshe na mambo ya ndani sana, lakini faili moja moja za mfumo zinastahili maneno machache. Windows ina kitu kama daftari kuu la wodi, ambamo kila programu, kila kifaa na kila mtumiaji ameandikwa. Kwa Kiingereza linaitwa registry, nami naliita sajili. Liko ndani ya faili chache zenye majina kama SYSTEM na SOFTWARE, katika folda ya config. Sajili ikiharibika, mashine haijui hata ina kibodi. Zamani Windows ilijinakilia sajili yake pembeni, katika folda ya RegBack, na mafundi wakongwe walikuwa wanairudisha kutoka huko kwa dakika tano. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018, Microsoft waliacha kufanya hivyo. Folda bado ipo, ukiifungua unakuta faili zenye uzito wa sifuri. Kwa hiyo ukimwona mtu kwenye video ya zamani anakuhakikishia dawa hiyo, ujue muda wake umepita. Kinachochukua nafasi yake ni zile nukta za kurejesha, na hizo sharti uziwashe mwenyewe. Andika kwenye sehemu ya kutafutia maneno Create a restore point, chagua diski ya C, washa ulinzi. Zinarudisha mfumo na sajili. Hazirudishi picha zako, wala hazizigusi. Na mashine ikiwa inawaka lakini inasuasua, amri ya sfc /scannow, ukiwa umefungua Command Prompt kama msimamizi wa mashine, hukagua faili za mfumo na kurudisha zilizoharibika.

Mwenzangu mmoja wodini aliponisikia nikisimulia haya alisema, "Hizo shida za watu wa laptopu moja, makampuni yana wataalamu." Nikamkumbusha Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za hapa, ambazo ndizo saa za nyumbani, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili dogo lenye kasoro kwa wateja wake duniani. Jina lake lilianza na C-00000291. Windows ililisoma ikiwa inawaka, ikaanguka, ikawaka, ikalisoma tena. Kwa makadirio ya Microsoft zilianguka kompyuta milioni 8.5, na hizo hazikufika hata asilimia moja ya mashine zote za Windows. Ndege zikalala viwanjani. Uingereza, zahanati nyingi zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Kampuni ililiondoa faili baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea chochote. Dawa ilikuwa rahisi: washa katika hali ya usalama, futa faili lile moja. Ila mtu alitakiwa kwenda mashine kwa mashine, kwa mikono, na nyingi zilikuwa zimefungwa zinadai tarakimu 48. Wapo waliokuwa wamehifadhi funguo hizo ndani ya seva, na seva nazo zilikuwa zimeanguka. Nilipolielewa hilo nilijisamehe kidogo kuhusu laini yangu inayoishia na 47.

Sisi tunaoishi Qatar tuna kumbukumbu nyingine. Agosti 2012 kirusi kiitwacho Shamoon kilifuta kompyuta zipatazo 30,000 za Saudi Aramco, kikaharibu hata ile sehemu ya diski inayoanzisha mashine. Siku chache baadaye kampuni ya gesi ya hapa, RasGas, nayo ikashambuliwa na kirusi, tovuti na barua pepe zikazimika, ingawa gesi iliendelea kutoka. Nimelitaja kwa sababu wapo wenye diski nzuri ya akiba, lakini imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Kirusi kikiingia kinaikuta hapohapo. Diski ya akiba ichomeke, inakili, ichomoe.

Na usiiweke garini. Nasema kwa wa Ghuba wote: kati ya Juni na Septemba dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni jiko.

Wingu nalo? Ninalitumia na nalipendekeza, hasa kwa wanafunzi, kwa kuwa tasnifu ikiwa kwenye wingu utaiendeleza hata kwenye kompyuta ya maktaba. Lakini jueni tofauti moja. Folda inayojioanisha na wingu si akiba kamili, kwa sababu ukifuta huku, na kule inafutika. Kwa kawaida unapewa siku kadhaa za kuirudisha kutoka kwenye pipa la taka, baada ya hapo basi. Tena wingu linahitaji njia ya kulifikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti nyumbani ikazorota kwa siku kadhaa. Mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha wiki ile, na nakala yake iko kwenye wingu tu, alifanya nini?

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza hesabu inayokumbukika: nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Mimi nimeifanya hivi. Ya kwanza iko kwenye laptopu. Ya pili kwenye diski juu ya friji, safari hii yenye faili za kweli. Ya tatu kwenye wingu, na sauti za baba nimeziweka pia kwenye flashi iliyokwenda Tanga na shemeji yangu aliposafiri Juni. Kuna flashi nyingine ya GB 32 ambayo ni ya kuamshia mashine. Unaitengeneza Windows ikiwa nzima, kwa kutafuta maneno Recovery Drive, na kila kilichokuwemo ndani ya flashi kitafutwa, kwa hiyo chukua iliyo tupu. Imechukua kama saa moja na nusu, nikipika. Laini ya uthibitisho nimebadilisha kuwa ya hapa, na nimeongeza ya mume wangu.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nafanya ukaguzi wa toroli. Nachagua faili moja bila mpango, nalifungua kutoka kwenye diski katika laptopu ya mume wangu. Nafungua kabisa, nasikiliza mpaka mwisho au nasoma ukurasa wa mwisho. Mwezi uliopita lilikuwa kituo cha Korogwe, na mtoto wangu mkubwa alikuja akasimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Zile tarakimu 48 nimeziandika kwenye karatasi mbili. Moja iko na pasipoti zetu. Ya pili iko kwa mama, kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja. Mama aliuliza kama mwizi akiipata atatuibia. Nikamweleza kwamba karatasi bila laptopu ni tarakimu tu, na laptopu bila karatasi ni bati tu, labda vikutane. Akaridhika. Wiki mbili baadaye nikampigia kumjaribu, bila kumwarifu kabla.

"Mama, niletee ile karatasi, unisomee."

"Ya kompyuta?"

"Ndiyo."

Nikasikia sanduku likifunguliwa, kufuli likianguka sakafuni, mama akitafuta miwani. Akaanza kusoma sita sita kama nilivyomwandikia, nami nafuatisha kwa kalamu. Fungu la kwanza sawa. La pili sawa. Katikati ya fungu la tano akanyamaza.

"Mama?"

"Subiri kwanza, wali wangu unaungua."

Nikasubiri. Akarudi, akaanza upya kutoka fungu la kwanza, zote nane.